Joto na halijoto

joto nm [li-/ya-] 1. hali ya kuwa na umoto. Kinyume cha baridi: *Leo kuna joto.* 2. (sayansi) nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda kitu chenye halijoto ya chini: *Maji yamepokea joto kutoka jikoni.* Kizio: jouli (J).

halijoto nm [i-/zi-] (sayansi) kadiri ya umoto au ubaridi wa kitu: *Halijoto ya maji imepanda.* Kizio: nyuzi za Selsiasi (°C) au kelvini (K). Pia: *jotoridi*.

Matumizi

Katika mazungumzo ya kila siku neno *joto* hubeba dhana zote mbili. Muuguzi husema anampima mtoto joto, ilhali anachokisoma ni halijoto ya mwili. Na chombo anachokitumia huitwa *kipimajoto* ingawa hakipimi joto kwa maana ya pili. Matumizi hayo yamezoeleka wala si makosa. Lakini katika kemia maneno haya hayabadilishani nafasi, na mwanafunzi anayeyachanganya huweza kukosea hesabu kabla hajaianza.

Vitenzi vinavyoandamana na kila neno husaidia kuyatofautisha. Joto *hutolewa*, *hufyonzwa*, *huhama*. Halijoto *hupanda*, *hushuka*, au *hubaki ilevile*. Joto ni *jingi* au *kidogo*, kwa kuwa ni kiasi. Halijoto ni *ya juu* au *ya chini*, kwa kuwa ni hali. Maji ya kikombe na maji ya pipa yanaweza kuwa na halijoto moja, lakini kuyachemsha ya pipa kunahitaji joto jingi zaidi.

Sufuria ya maji jikoni huonyesha tofauti hiyo. Kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji takribani kilojouli 314. Yakishachemka, moto huendelea kuyapa joto, lakini halijoto husimama palepale kwenye nyuzi 100 (katika usawa wa bahari) mpaka yote yawe mvuke. Hatua hiyo hufyonza takribani kilojouli 2,260 zaidi. Katika karne ya 18, Joseph Black wa Uskoti alichunguza jambo hili kwa barafu na maji, akawa miongoni mwa wa kwanza kuzitenganisha waziwazi dhana hizi mbili.

Katika kemia

Mmenyuko wa kikemikali ama *hutoa joto* ama *hufyonza joto*. Badiliko la nishati hiyo, kanieneo ikiwa haibadiliki, huitwa badiliko la enthalpi na huandikwa ΔH. Hesabu hufanywa kwa upande wa vitu vinavyomenyuka: vikitoa joto, ΔH ni hasi, vikifyonza, ΔH ni chanya.

Hapa ndipo lugha ya kila siku inapopotosha. Wengi hudhani kuwa kitu kinachofyonza joto lazima kipate moto. Mkulima anayeyeyusha mbolea ya urea katika ndoo huona kinyume chake: maji hupoa. Gramu 60 za urea, yaani moli 1, hufyonza takribani kilojouli 15 zinapoyeyuka. Joto hilo huchukuliwa kwenye maji yenyewe ili kuzitenganisha chembe za urea zilizoshikamana. Katika lita 1 ya maji, halijoto hushuka kwa nyuzi 3 hadi 4. ΔH ni chanya, na ndoo ni baridi. Kauli hizi mbili hazipingani.

Chokaa ya pwani hutoa mfano mpana zaidi. Mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, huchomwa tanurini na kuwa chokaa kavu:

CaCO₃ → CaO + CO₂  ΔH = +178 kJ kwa moli

Chokaa hiyo ikimwagiwa maji, huchemka na kufoka mvuke, hata huweza kumuunguza anayeishughulikia:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂  ΔH = −65 kJ kwa moli

Kisha hupakwa ukutani, na polepole hufyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O  ΔH = −113 kJ kwa moli

Jumla ya 65 na 113 ni 178: joto lote lililofyonzwa tanurini hurudishwa, kwa kuwa nishati haipotei. Tena hatua ya mwisho hutoa joto jingi kuliko ile ya pili, lakini hakuna anayegusa ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu au Unguja akauona wa moto. Joto lake hutoka kidogokidogo kwa muda mrefu na kutawanyika hewani, hivyo halijoto ya ukuta haipandi kwa kiasi cha kuhisika. Kiasi cha joto hakijulikani kwa kugusa wala kwa kipimajoto peke yake. Ni lazima kujua pia aina ya kitu kilichopokea joto hilo, uzito wake, na kiasi kilichopotea hewani.

Makosa ya kuepukwa katika maandishi ya sayansi

- *Joto la maji ni nyuzi 40.* Sahihi: *Halijoto ya maji ni nyuzi 40.*
- *Mmenyuko umetoa halijoto.* Sahihi: *Mmenyuko umetoa joto.*
- *Halijoto ni nyingi.* Sahihi: *Halijoto ni ya juu.*
- *Nyuzi 300 za kelvini.* Sahihi: *Kelvini 300.* Neno *nyuzi* halitumiki pamoja na kelvini.

Linganisha: *fukuto, hari, moto, nishati.*