Setilaiti ya Uhuru na Ghuba ya Ungwana

Katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, mkabala na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, yamesimama baharini majukwaa ya chuma yaliyowekwa na Wataliani katika miaka ya 1960, naye aliyeishika kazi hiyo kwa hima kubwa ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Hakupachagua mahali hapo kwa uzuri wa pwani yake. Dunia, katika kuzunguka juu ya mhimili wake, huenda mbio zaidi penye mstari wa istiwai, takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka karibu na mstari huo hujaliwa mwendo huo bila gharama, ikapunguziwa taabu ya kushindana na mvutano wa ardhi. Kadhalika chombo kiufuatacho mstari huo huepukana na upande ule wa anga ambako chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini na kuvuruga vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Scout iliondoka katika jukwaa la San Marco ikichukua setilaiti ndogo ya Wamarekani, nao kwa kuiheshimu siku hiyo na wenyeji wao wakaiita Uhuru. Naona fahari kubwa kwamba jina hilo la Kiswahili limo katika kila kitabu cha falaki kielezacho mambo yaliyofuata.

Mionzi ya eksirei itokayo nyotani, ambayo Uhuru ilitumwa kuitafuta, haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huimeza. Na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, alipoivumbua pamoja na wenzake mwaka 1962, roketi yao ilikaa juu dakika chache tu. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha mara moja kila dakika 12, na vihesabio vyake viwili, vilivyopeana mgongo, vikilipitia anga ukanda kwa ukanda hata vikapatikana vyanzo 339.

Bali kubwa kuliko idadi hiyo ni habari ya wakati. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilipiga kila sekunde 4.8, na mapigo yale yakawahi na kuchelewa kwa zamu, kisha yakakatika kwa muda wa nusu siku hivi, kila baada ya siku 2.1. Kwa kuyapima hayo wataalamu walifahamu kuwa kipigacho huizunguka nyota kubwa na kujificha nyuma yake, na kuwa nishati yake chimbuko lake ni mvutano wenyewe: gesi ya nyota ile huporomoka juu ya jirani mdogo aliyeshindiliwa mno, yaani nyota ya nyutroni, na katika kuanguka hupata joto la mamilioni ya digrii.

Cygnus X-1 nayo haikuwa na mapigo ya kudumu. Ilibadilika ovyo katika sehemu ya sekunde, na maadamu hakuna kitu kiwezacho kubadilika kizima katika muda mfupi kuliko ule utumiwao na nuru kukivuka, ilidhihirika kuwa ni kidogo sana. Mwaka 1972 Louise Webster na Paul Murdin wa Greenwich, na Tom Bolton huko Toronto, walitangaza kuwa nyota ya buluu iliyo mahali pale huyumba kila siku 5.6, ikivutwa na kitu kisichoonekana, kizito kupita nyota yoyote ya nyutroni. Hivyo shimo jeusi, ambalo hata hapo lilikuwa jambo la hisabati zilizozaliwa na nadharia ya Einstein ya mwaka 1915, likapata mahali pa kuoneshwa kwa kidole.

Majukwaa ya Ngomeni yalirusha chombo chao cha mwisho mwaka 1988. Giacconi alitunukiwa Nobeli mwaka 2002. Broglio hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka uliotangulia.