Kukabwa koo usingizini: Chanzo na tahadhari
Mtu anayegutuka usiku koo likiwa limembana na pumzi haipiti, mara nyingi hudhani amekabwa na jinamizi. Kitaalamu, chanzo kimojawapo ni tindikali ya tumboni inayopanda hadi kooni na kuzifanya nyuzi za sauti zijifunge ghafla. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya dakika moja. Mgonjwa aketi wima, avute pumzi polepole kwa pua. Inashauriwa kumaliza kula angalau saa 3 kabla ya kulala na kuinua mchago wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20.

Kifua kikitoa mlio, huenda ni pumu. Mkoromo mkubwa huweza kuashiria kukatika kwa pumzi usingizini. Midomo ikigeuka rangi, uso ukivimba au kifua kikiuma, mgonjwa awahishwe hospitali.