Duka Kubwa, Duka Dogo na Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwezi uliopita nilishuka Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutafuta nakala tatu za riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, kwa ajili ya wanafunzi wa semina yangu. Niliingia katika maduka manne yenye maandishi ya "duka la vitabu" juu ya mlango. Kote nilikuta madaftari, kalamu, rimu za karatasi, mabegi ya shule na mashine ya fotokopi. Vitabu pia vilikuwapo: vya kiada, vya majaribio ya mitihani, Biblia na vya nyimbo za ibada. Riwaya haikuwapo. Mwenye duka la nne, mama mtu mzima, aliniambia kwa upole: "Mwalimu, kama unayo moja, ilete tukutolee kopi."

Niliona aibu, kwa sababu nimewahi kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Leo haihitaji marufuku yoyote; haionekani tu. Nani basi ameiondoa rafuni?

Wenzetu wa Ulaya wana jibu lililo tayari: duka kubwa limemeza duka dogo. Uingereza, tangu mwaka 1900, wachapishaji na wauza vitabu walikuwa na mapatano ya kuuza kitabu kwa bei moja kila mahali. Mapatano hayo yalipovunjika mwaka 1995, maduka yenye matawi mengi, kama Waterstones iliyoanzishwa mwaka 1982, pamoja na maduka makuu ya vyakula, yalianza kushusha bei kwa namna ambayo muuzaji mdogo hakuimudu. Ufaransa iliona hatari hiyo mapema. Sheria yake ya mwaka 1981 hairuhusu punguzo la zaidi ya asilimia 5 kwa kitabu kipya. Kwao mnunuzi huchagua kati ya bei nafuu na muuzaji anayemjua kwa jina.

Hadithi hiyo haitutoshi sisi wa Mbeya na Iringa. Hakuna kampuni kubwa ya vitabu iliyokuja kutuvamia. Duka kubwa tulilo nalo lina historia nyingine.

Lilianza kama misheni. Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla karne ya 19 haijaisha Wabenediktini walikuwa Tosamaganga, karibu na Iringa, mahali ambapo baadaye palishikwa na Wakonsolata. Penye kanisa palikuwa na shule, na penye shule palikuwa na kabati la vitabu. Msomaji wa wakati ule alisoma kile ambacho misheni iliona kinamfaa. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau mjini Nairobi, na kiongozi wake wa kwanza, Charles Richards, alitoka katika duka la vitabu la misheni ya CMS. Taasisi hiyo ilitoa vitabu vingi vya Kiswahili kwa watu wa kawaida, Rosa Mistika kikiwa kimojawapo. Ilizama pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Baada ya uhuru duka kubwa likawa Dola. Tanzania Publishing House iliundwa mwaka 1966, na usambazaji wa vitabu vya shule ukawekwa mikononi mwa shirika la umma la Elimu Supplies. Tusikibeze kipindi kile. Kampeni za elimu ya watu wazima zilishusha idadi ya wasiojua kusoma hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa takwimu za Serikali. TPH ilishiriki kuchapisha kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu kilichosomwa duniani kote. Lakini uchumi ulipoyumba, njia moja ya vitabu ilipoziba hapakuwa na ya pili. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985, mwendo wa saa chache tu kutoka Iringa mjini. Tulikuwa na misitu, tukawa na kiwanda, na watu wetu walikuwa wamekwisha kujua kusoma. Rafu zikabaki tupu.

Mwaka 1991 Serikali ilibadili sera na kuanza kuwafungulia mlango wachapishaji binafsi. Mabadiliko yaliyomgusa muuzaji mdogo zaidi yalikuja na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002. Ada ilikuwa imefutwa, na kila mwanafunzi alitengewa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Shule iliweza kununua vitabu vilivyoidhinishwa katika duka la karibu. Ruzuku ilichelewa na mara nyingi haikufika yote. Hata hivyo ilitoa sababu ya mtu kufungua duka la vitabu katika mji usiokuwa Dar es Salaam.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Muuzaji mdogo haishi kwa riwaya. Huishi kwa kitabu cha kiada kinachouzwa Januari, na faida ya Januari ndiyo inayompa ujasiri wa kuweka rafuni riwaya itakayongoja mnunuzi hadi Septemba. Ukimwondolea kitabu cha kiada, riwaya inaondoka bila kufukuzwa.

Mwaka 2013 ndivyo ilivyokuwa. Serikali ilikabidhi uandishi na uchapishaji wa vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vya shule za umma vikawa vinapelekwa shuleni bila kupita dukani. Sababu hazikuwa za kupuuza: kila shule ilikuwa na kitabu chake kwa somo lilelile, na vingine vilijaa makosa. Hata hivyo, mwaka 2017 makosa ya vitabu vya Taasisi yenyewe nayo yalifika Bungeni. Kenya ilifuata njia inayofanana na hiyo mwaka 2018, ikaanza kununua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji ili kila mwanafunzi apate chake. Mtoto alipata kitabu, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Muuzaji wa mjini alipoteza mteja wake mkuu, na hesabu hiyo haikuandikwa popote.

Sasa niseme kama mnunuzi, bila upendeleo. Duka kubwa la Dar es Salaam, kama lile la TPH katika Barabara ya Samora, lina mambo ambayo duka dogo halina: vitabu vya aina nyingi, bei iliyoandikwa, risiti, na uhakika kwamba kitabu ni halali. Siku hizi huhitaji hata kusafiri. Unatuma ujumbe na fedha kwa simu, nawe unapokea bahasha yako stendi kutoka kwa kondakta wa basi. Duka dogo, kwa upande wake, mara nyingi halina bei moja, na baadhi huuza nakala zilizoibwa, zenye kurasa zilizopinda na wino uliofifia. Anayeitetea biashara ndogo kwa kuyaficha haya hamsaidii mtu.

Ila kuagiza kwa simu kunamfaa anayejua anachokitaka. Mimi najua jina la Kezilahabi kwa sababu nilifundishwa. Kijana wa Mlandege au Uyole ambaye hajawahi kulisikia atalikutia wapi? Hukutana nalo rafuni, alipoingia kununua daftari la shilingi chache. Miji yetu miwili ina vyuo vikuu vingi: Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha, MUST, Teofilo Kisanji. Maelfu ya wasomi hupita humo kila mwaka, na wengi huhitimu bila kununua kitabu hata kimoja, kwa kuwa sisi walimu wao huwapa kabrasha la kurasa zilizotolewa kopi. Tunawalaumu kwamba hawasomi, nasi ndio tuliowazoesha kusoma sura ya tatu bila kuiona ya nne.

Siombi Taasisi inyang'anywe vitabu vya kiada. Naomba vitabu vya ziada na vya maktaba, vya shule na vya vyuo, vinunuliwe katika maduka ya mkoa husika, na watumishi wa halmashauri walipe kwa wakati, kwa maana muuzaji mdogo aliyekopesha shule muhula mzima hana mtaji wa muhula wa pili. Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu tangu mwaka 2022. Tumtuze mwandishi, lakini tumwachie pia rafu ya kusimama. Na walimu wenzangu wa vyuo, tuwapelekee wauzaji orodha ya vitabu mwezi mmoja kabla ya muhula kuanza. Hilo halihitaji waraka wa Wizara.

Nilirudi kwa yule mama na orodha badala ya kitabu cha kutolea kopi. Nililipa nusu kwanza. Baada ya siku tisa vitabu vilifika kwa basi. Bei ilizidi ile ya Dar es Salaam kwa kiasi cha nauli ya mzigo, nami nikalipa. Nilikuwa nimeagiza nakala tatu, yeye akaagiza nne. Aliniambia kwamba ya nne anaijaribu bahati. Hadi naandika haya bado ipo rafuni, kati ya madaftari na vitabu vya nyimbo. Msomaji wa Mbeya asiseme hakuambiwa.