Pishi, Ratili na Kilo: Vipimo vya Delta ya Rufiji

Katika zama ambazo majahazi yalikuwa yakiingia milango ya Rufiji, Simba Uranga na Kikunya na Msala, kupakia boriti za mikoko za kupeleka Unguja, Arabuni na Ghuba, miti ilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na urefu wake ukapimwa kwa mwili wa binadamu: shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima. Nafaka nayo ilikuwa na daraja zake, kwani vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili pishi, ambayo kwa mchele ilikaribia ratili sita. Na vitu vizito vilikwenda kwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16 za leo.

Vipimo hivyo vilikuwa na hekima yake, lakini vilikuwa na dosari moja kubwa, nayo ni kwamba kila kipimo kilimtii mwenye kukishika. Mkono wa nahodha mrefu haukuwa sawa na mkono wa mkata mikoko. Na kibaba kilikuwa cha mfuto, yaani kilichosawazishwa mdomoni, au cha tele, yaani kilichorundikwa hadi kupita mdomo, hata mkulima wa mpunga aliyekopa kwa mfuto akaweza kudaiwa alipe kwa tele, akatoka dukani amedhulumiwa bila ya kumwona aliyemdhulumu.

Wadachi walikuja na mita na kilo. Baada yao Waingereza wakaleta yadi, ratili na galoni, ambazo hazikuondoa taabu, bali ziliongeza hesabu. Tangu 1921 fedha yetu ilikuwa shilingi ya senti 100, ilhali ratili ilikuwa na wakia 16. Basi kitu cha shilingi moja kwa ratili, wakia yake ilikuwa senti sita na robo, na kwa kuwa robo ya senti haikuwa na sarafu, ziada ile ilimhusu nani ila mwenye mizani?

Ndiyo sababu, serikali za Afrika Mashariki zilipoazimia mwishoni mwa miaka ya 1960 kuingia katika vipimo vya mita, faida yake ilikuwa ya mnyonge kabla ya kuwa ya mtaalamu. Mita ilipozaliwa Ufaransa katika miaka ya 1790 haikukatwa kwa mkono wa sultani wala wa tajiri, bali kwa dunia yenyewe, ikiwa fungu moja katika milioni 10 ya masafa baina ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini. Na vipimo vingine vikafuatana nayo kwa kumi kumi, kama senti zinavyofuata shilingi. Mama achotaye maji kwa dumu la lita 20 ajua kichwani pake pana kilo 20, na tangi la mita moja kila upande huingia lita 1,000, uzito wake tani moja. Lakini sanduku la futi moja kila upande huingia galoni sita na kitu, na kila galoni ya maji ina ratili 10, hesabu isiyokamilika bila ya karatasi.

Hata hivyo, kilo haina uadilifu wa kujiendesha. Gunia la lumbesa ni kibaba cha tele kilichovaa nguo mpya, na Kurani yenyewe ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Basi mkulima wa korosho wa Kibiti na asimame mbele ya mizani, atazame sindano kabla mzigo haujapandishwa, aone kama imelala juu ya sifuri. Kwani pale ndipo haki yake inapoanzia, na haki ile aweza sasa kuisoma mwenyewe.