Kushuhudia, Kunusurika, Kustahimili

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Uji wa moto ulitoka katika nyufa za ubavu wa kusini, ukapita katikati ya mji wa Goma, ukateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia katika Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakielekea Gisenyi. Anayeandika leo habari zao hukutana na swali: tuseme walishuhudia, walipatwa, walinusurika, au walistahimili?

Kushuhudia ni kuona kwa macho. Lakini hata aliyeutazama moto toka ng'ambo ya mpaka alishuhudia, wala nyumba yake haikuungua. Kupatwa hueleza msiba uliomwangukia mtu, ila humsahau mama aliyewashika watoto mkono akatembea usiku kucha.

Kunusurika ni kuponea karibu na kifo. Tarehe 10 Januari 1977 mlima huohuo ulimwaga moto wake kwa muda usiofika saa moja, kwa kasi ya kutisha. Aliyetoka njiani mwake akiwa hai alinusurika kweli. Mwaka 2002, ndani ya mji, wengi waliweza kuutangulia moto kwa miguu. Tukitumia neno moja kwa miaka yote miwili, tunaifuta tofauti hiyo.

Wengine huandika «waliookoka». Hapa tuwe na hadhari, kwa maana neno hili hubeba pia wokovu wa roho. Yatima akilisoma atauliza: je, baba yangu hakustahili? Bwana mwenyewe aliikataa hesabu hiyo, aliposema juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu.

Kustahimili ni neno la muda mrefu. Baada ya siku chache watu walirudi, wakajenga juu ya mawe meusi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Hata hivyo, sifa ya ustahimilivu isiwe kisingizio cha kumwacha mtu bila maji wala makao.

Basi, mnapoandika ushuhuda wa mzee, mwulizeni kwanza yeye mwenyewe analiitaje jambo lililomfika. Huenda usiku ule alinusurika, asubuhi akapatwa na hasara, na miaka iliyofuata akastahimili. Kila neno liwekwe mahali pake, na wafu wasidhulumiwe kwa neno tunalowapa walio hai.