Chelezo Si Nakala Rudufu

Orodha ya istilahi za kompyuta iliyonifikia hapa Midrand ina maneno mengi mazuri, na sikuwa na ugomvi nayo mpaka nilipofika herufi H. Hapo naelezwa kwamba mtu anayelinda data za programu yake "anahifadhi nakala rudufu ya hifadhidata iliyopachikwa". Isome kwa sauti. Hifadhi imetajwa mara mbili, nakala na rudufu zinasema jambo lile lile, na pumzi inakwisha kabla msomaji hajajua kama data zake zimepona au la. Niliiandikia kamati iliyoitunga orodha hiyo, kupinga. Mzee mmoja wa kamati akanijibu kwa upole: "Mwanangu, hilo limekwisha kupitishwa." Kupitishwa hakulifanyi neno kuwa sahihi, na kwa kuwa barua yangu haikujibiwa hoja hata moja, naziweka hoja hizo hapa.

Kwa nini Midrand? Kwa sababu mji huu ulio katikati ya Johannesburg na Pretoria umekuwa mahali Kiswahili kinapofanya kazi ya ofisini, mbali kabisa na Pwani. Bunge la Afrika lina makao yake hapa Gallagher tangu mwaka 2004, na Rais wake wa kwanza alikuwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania. Mwaka 2019 viongozi wa SADC, wakikutana Dar es Salaam, walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya. Umoja wa Afrika nao ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. (Orodha ninayoilalamikia haikutoka katika chombo chochote kati ya hivyo, nisije nikaeleweka vibaya.) Mafundi wa mitambo wanaozungumza Kiswahili mjini hapa wametoka Tanga, Mombasa, Bukavu na Lubumbashi. Aliyetoka Lubumbashi amesomea kompyuta kwa Kifaransa, aliyetoka Mombasa kwa Kiingereza. Wakikaa mbele ya mashine moja, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na neno bovu linawagharimu muda papo hapo.

Sasa tulitazame hilo rudufu. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti r, d na f, ambao maana yake ya asili ni kufuata nyuma, au kupanda nyuma ya mtu aliyekwisha kupanda ngamia au farasi. Humo ndimo tulimopata maradufu, na humo ndimo mlimotoka mashine za kurudufu ambazo walimu wa zamani walizitumia kuchapia karatasi za mitihani. Neno hili lina sifa moja kuu: la pili ni sawasawa na la kwanza, linalifuata nyuma bila kuuliza. Kama la kwanza lina kosa, la pili lina kosa hilo hilo. Mtihani uliorudufiwa na swali lililokosewa unalipeleka kosa kwa watoto wote wa darasa. Nakala nayo, kutoka kitenzi cha Kiarabu cha kuhamisha na kunukuu, inasema karibu hayo hayo. Kuziweka pamoja nakala na rudufu ni kurudia, na tuliofundishwa uandishi na walimu wakali tulikatwa alama kwa marudio madogo kuliko hayo.

Neno ninalolitetea ni chelezo. Sikulibuni mimi. Nimelikuta likitumiwa na watu waliotafsiri programu kwa Kiswahili, nikalipenda, nikalifanyia kazi. Ninachodai ni kwamba lirudishwe mahali pake, na kwamba sababu za kulirudisha zieleweke, kwa maana hata baadhi ya wanaolitumia hawazijui.

Wapinzani wake wana hoja moja ambayo wameishika kama ngao: chelezo ni boya. Ni kweli. Kwa mvuvi wa Pwani chelezo ni kitu kinachoelea na kushikilia mshipi au kuonyesha nanga ilipo, na pia ni mahali chombo kinapopandishwa ili kitengenezwe. Linatokana na kuelea, kwa njia ya kueleza, yaani kufanya kitu kielee. Kiambishi ki- kikikutana na e kinageuka ch-, na -o ya mwisho inatupa kifaa. Hadi hapo tunakubaliana. Ila kuna kitenzi kingine ambacho wanakamati wamekiruka bila kukigusa, nacho kimo katika kamusi kongwe za Pwani: kucheleza. Ukoo wake ni ule wa kucha, kunapokucha asubuhi. Kutoka kucha tumepata kuchelewa, yaani kukuchiwa kabla hujafanya ulilokusudia. Na kutoka huko huko tuna kucheleza: kuweka kitu kando kisitumike leo, kipate kukuta kesho. Bibi aliyemwekea chakula msafiri atakayefika usiku wa manane amemchelezea.

Basi chelezo ya data ina wazazi wawili, na wote wanafaa. Kwa upande wa kuelea, ni kile kinachobaki juu ya maji chombo kikizama. Kwa upande wa kucha, ni kile kilichowekwa kando makusudi ili asubuhi kikutwe kizima. Nakala rudufu haina hata moja kati ya maana hizo. Haisemi kwamba kitu kimewekwa kando, wala kwamba kitafaa siku ya shida. Inasema tu kwamba viko viwili.

Mzee yule aliniandikia kwamba hii ni tofauti ya washairi. Siyo. Ni tofauti ya mafundi, na kanzidata (ile ambayo kamati inaiita hifadhidata) iliyopachikwa ndani ya programu inaionyesha kuliko mfano mwingine wowote. Tuchukue SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa akifanyia kazi mfumo wa manowari ya Jeshi la Majini la Marekani. Haina seva. Programu yenyewe inaibeba tumboni, na data zote zinakaa katika faili moja diskini. Iko ndani ya karibu kila simu ya mkononi, iko ndani ya mashine za mauzo madukani. Kwa sababu ni faili moja, kila mtu anadhani kuilinda ni kuinakili tu: amri ya cp, basi. Na orodha yetu inamuunga mkono, maana amepata nakala na imekuwa rudufu.

Lakini tangu mwaka 2010 SQLite ina namna ya kuandika ambapo muamala mpya hauingii moja kwa moja katika faili kuu. Unaandikwa kwanza katika faili ya pembeni yenye mkia -wal, kisha baadaye unahamishiwa ndani. Kwa kawaida uhamisho huo unasubiri faili ya pembeni ifike kurasa 1000, na ukurasa mmoja ni baiti 4096. Maana yake ni kwamba takriban megabaiti 4 za kazi ya karibuni kabisa zinaweza kuwa zimekamilika, mteja amepewa risiti yake, ilhali faili kuu haijui lolote. Kwa duka, hizo ni risiti nyingi mno. Nimeona duka moja la vipuri hapa mjini ambalo faili yake ilikuwa ikinakiliwa kila jioni bila kukosa, programu ya mauzo ikiwa wazi. Diski ilipokufa, nakala ikafunguka vizuri, majina ya bidhaa yote yamo, na mauzo ya jioni ya mwisho hayamo. Kila faili iliyokuwa kwenye folda ile ilistahili kuitwa nakala rudufu. Hakuna hata moja iliyostahili kuitwa chelezo.

Na cp haina ujanja mwingine wa kuokoa hali. Ikinakili faili wakati programu inaandika, inaweza kuchukua kurasa za mwanzo zikiwa za zamani na za mwisho zikiwa mpya, ukabaki na kitu ambacho hakijawahi kuwako. Wakazi wa hapa wanajua pia habari ya umeme uliokuwa ukikatwa kwa zamu, ambao mwaka 2023 ulifikia hali mbaya kuliko miaka yote iliyotangulia. SQLite imejengwa kustahimili umeme ukikatika katikati ya kuandika. Nakala iliyochukuliwa kwa cp katikati ya kuandika haina ulinzi huo.

Kuhusu matumizi sina mengi. Skripti ya sheli ya kucheleza ni mistari michache, na moyo wake ni huu:

sqlite3 duka.db ".backup chelezo.db"
sqlite3 chelezo.db "PRAGMA integrity_check;"

Mstari wa kwanza unaiomba kanzidata yenyewe ijitoe ukurasa kwa ukurasa, pamoja na vile vilivyokuwa vikisubiri pembeni. Wa pili unaikagua chelezo, na jibu likiwa lolote zaidi ya "ok", skripti isimame na kupiga kelele, isiifute chelezo ya jana. Ukitaka faili iliyobanwa vizuri, VACUUM INTO ipo tangu 2019. Weka tarehe katika jina la faili, ipeleke kwenye mashine nyingine, mpe cron, mpanga ratiba wa mfumo, aiendeshe skripti saa nane usiku. Kwa cron saa nane ya usiku ni 2. Wenzetu wapya wanaoandika 8 huchelezewa wakati wateja wamejaa dukani.

Narudi kwenye neno, maana bado kuna washindani wawili. Wa kwanza ni "nakala ya akiba", iliyoletwa na bwana mmoja ambaye makala zake nazisoma kwa heshima. Akiba ni neno zuri, ila akiba hutumiwa kidogo kidogo na kupungua, na tena bado amebaki na nakala. Wa pili ni bakapu, neno la vijana wa mafundini kuanzia Kariakoo hadi huku. Bakapu sina chuki nalo hata kidogo. Limeingia kwa mlango wa mbele, linanyambulika, linaeleweka, na ningelichagua mara elfu kabla ya maneno sita ya kamati. Ila halimwelezi anayejifunza kitu chochote, na lugha yenye kitenzi cha kuweka kando hadi kuche haina sababu ya kuazima.

Kunyambulika, kwa hakika, ndiko ambako nakala rudufu inaanguka kabisa. Fundi anahitaji kitenzi kila saa. Kucheleza kanzidata. Kanzidata imechelezwa. Seva ya pili inatuchelezea data za tawi la Pretoria. Uchelezaji wa kila usiku, mchelezaji wa zamu, chelezo moja, chelezo tatu. Jaribu kufanya hivyo na "kuhifadhi nakala rudufu" uone utakapofika na mtendewa. Kwa kurejesha data kutoka kwenye chelezo, sioni sababu ya kutunga chochote: kurejesha kunatosha.

Nimepeleka maelezo haya kwa kamati mara ya pili, safari hii pamoja na skripti na faili mbili za majaribio: moja iliyonakiliwa kwa cp, nyingine iliyochelezwa, zote kutoka kanzidata moja ikiwa kazini. Nimeomba wazifungue wao wenyewe na kuhesabu safu kabla ya kunijibu.