Kutoka kitochi kwenda simu janja

Pesa yako ya M-Pesa au Airtel Money haimo ndani ya simu. Imo kwenye akaunti ya namba yako. Ukihamisha laini, salio na namba ya siri havibadiliki. Yanayopotea ni majina. Vitochi vingi huyahifadhi kwenye simu yenyewe, kwa hiyo yanakili kwanza kwenye laini, au yaandike daftarini. Laini ikihitaji kukatwa iwe ndogo, fundi hana haja na namba yako ya siri.

Dukani, iwe Lushoto mjini, Soni au Mlalo, bonyeza *#06# kabla hujalipa. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Itume kwa SMS kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na toleo lipi. Jibu lisipolingana na simu uliyoshika, iache: Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima.

Kitochi usikitupe. Chaji yake hukaa siku kadhaa, simu janja huomba umeme karibu kila jioni, na wanaochaji kwa sola wanaujua ukungu wa Usambara. Uliza pia kama ina redio ya FM. Kutusikiliza kwa intaneti kunakula bando.